Mtama wa Posa ya Mama Mdogo

Kimea cha mtama kinapokaushwa juani hutoa harufu tamu, kama ya mkate unaokaribia kuungua. Harufu hiyo ndiyo iliyotupokea kijijini Kalengera mwaka ule volkano iliposhuka mjini Goma na kuifunika nyumba yetu kwa lava. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tulifika na magodoro na kikohozi, tukamkuta bibi, mamaye mama, akitengeneza pombe. Pombe yake ilijulikana hadi Rutshuru, na siri yake hakuificha: mtama wa shamba lake, na maji ya chemchemi iliyo chini ya migomba, baridi hata mchana wa jua kali.

Msimu ule pombe ilikuwa na kazi kubwa kuliko kuuzwa. Furaha, mdogo wake mama, alikuwa amepata mchumba, na kwetu mazungumzo ya posa hayaanzi kabla wakwe hawajakaribishwa kwa pombe ya mtama wa nyumba ile ile. Lakini waasi walikuwa wamepiga kambi kwenye chemchemi, na hakuna aliyethubutu kuteka maji. Kwa kumwonea bibi huruma, mama alichukua nusu ya mtama akauloweka kwa maji ya mvua, kama afanyavyo mtu wa Goma, ambako paa la bati ndilo kisima. Alisahau kwamba mwaka ule mvua iliteremka na majivu ya volkano. Tuliufunika kwa majani ya migomba, tukasubiri uote. Haukuota. Ulilala pale mweusi, ukinuka kama kiberiti, na mama akalia kana kwamba nyumba imeungua mara ya pili. Furaha alikwenda kufua nguo zilizokwisha kufuliwa.

Kesho yake bibi alijitwika mtungi mtupu, akateremka, nasi wajukuu nyuma yake. Kiongozi wa wale vijana wenye bunduki, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe kando ya maji, alimdhihaki kwa kumwita kizee: "Mukecuru, unakuja na mutungi mutupu? Pombe iko wapi?"

"Iko mu hii maji mulifunga," bibi akajibu. "Mukiniacha nichote, mutoto wangu ataolewa. Mukikatala, mutamuoa ninyi wote?"

Vijana wakaangua kicheko. Kiongozi alijitahidi kubaki na uso mkali, nao ukamshinda, akainuka, akatupisha. Nusu ya mtama iliyobaki iliota vizuri, ikakauka, ikasagwa, ikapikwa. Wakwe wakaja, mirija ikazama mtungini, posa ikapita. Waasi walipelekewa kibuyu chao, machicha mengi kuliko pombe.

Miaka imepita, na vita vimerudi Kalengera mara nyingi. Vilimsukuma mama mdogo Furaha hadi kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, na huko ndiko binti yake alikoposwa. Wakwe walileta kreti za bia ya kiwandani, nzuri, baridi. Siku hizi hakuna anayeuliza maji yalitoka wapi. Furaha alizipokea kwa shukrani. Kisha akaburuta bidoni, dumu la njano la plastiki, kutoka ndani ya hema: mtama wa kununua sokoni, maji ya bomba la kambi, yenye dawa. Akaonja kwanza, kama mpishi wa pombe anavyopaswa, akitafuta ulimini kitu ambacho nami nilikuwa nakitafuta.

"Haiko ile ya mama," akasema. Halafu akawasogezea wakwe mrija. "Lakini ni ya kwetu. Munywe."

Tulinywa mpaka bidoni likalia tupu. Kreti zilingoja.