Baraza la Mama Kwamboka

Sijawahi kumwambia mtu: lile baraza kwenye mchoro wa kaka yangu Nyakundi nililibuni mimi.

Kaka ni msanifu majengo. Alichora jengo ambalo lingekuwa refu kuliko yote mjini Kisii. Nikamwomba aweke baraza pana mbele, ili Mama Kwamboka na wenzake wauze ndizi bila kunyeshewa. (Mnajua mvua yetu ya mchana.) Alicheka, lakini akaliweka.

Leo nimepita pale kwenye ploti. Bango la jengo lake limebadilishwa.

Picha mpya. Jina la msanifu mwingine. Vioo kutoka juu kabisa hadi barabarani.

Baraza hakuna.

Mvua ilikuwa imeanza. Mama Kwamboka alisimama mbele ya bango, kichwani amejifunika karatasi ya nailoni.

"Omoiseke, binti yangu, hebu ona vile inang'aa! Hii sasa ndiyo ghorofa!"

"Na mvua, Mama?"

"Kwani ile ya kwanza ilinikinga? Si ilikuwa picha tu!"

Nikacheka naye. Hata sijui kwa nini nilicheka.

Nimefika nyumbani nikamkuta kaka anapiga pasi shati la kanisani, huku anaimba. Hajaambiwa. Angekuwa anajua, asingeimba hivyo. Na simu ameshaizima, kama kila Ijumaa, hadi Sabato iishe.

Nimeshindwa kumwambia.

Kwa hivyo ninyi mnaosali naye, mkikutana kesho, tafadhali msimwambie. Mwacheni aimbe.