Katuni Aliyoitafsiri Baba

Mimi siwezi kutulia. Hata katuni naitazama nikitembea, dirishani hadi mlangoni. Zamani mama alinitania kwamba nitamchimbia mgodi sebuleni. Tangu tumzike baba hakutania tena. Alikuwa anakula, anasali, anarudi chumbani. Kitu pekee kilichomtoa humo ni ile katuni ya Kifaransa tuliyoitazama tangu utoto wangu, na sasa hata hiyo ilianza kushindwa.

Ni vichekesho vya fundi wa lifti anayeogopa kwenda juu. Vimeendelea miaka mingi kupita kiasi. Mwanzoni fundi alipanda akitetemeka, jasho linamtiririka, kwa sababu watoto lazima wale. Siku hizi wamempeleka mwezini na haogopi chochote! Mkewe, aliyekuwa na ulimi mkali, amebaki kupiga kelele tu. Hata sauti ya fundi wameibadilisha. Nilikasirika kama mtu aliyeuziwa unga wenye mchanga. Kwa nini hawaachi wakati bado tunawapenda?

Mama hajui Kifaransa. Baba ndiye aliyekuwa akitutafsiria, kwa sauti kubwa iliyofunika ile ya katuni, na sasa ilikuwa zamu yangu. Kazi hiyo naijua: kila Jumapili, kanisani kwetu mtaani Panda, nasimama kando ya mchungaji nageuza mahubiri yake ya Kifaransa kuwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, bila kuongeza wala kupunguza. Fundi wa lifti nikamtafsiri vivyo hivyo. Mama alipiga miayo, akainuka kabla kipindi hakijafika nusu.

"Mama, ni film njo imeharibika, haina minye," nilimwambia mlangoni kwake, nikijitetea kwamba kosa si langu.

Nikaenda sokoni kwa muuza filamu, akanijazia fleshi misimu ya kwanza. Nilitaka kumwonyesha mama tofauti, labda acheke tena. Mchana umeme ulipokuwepo, nilianza kutafuta kile kichekesho kilichotuvunja mbavu nyumba nzima: fundi ananing'inia kwenye kamba, anamwambia mkewe, "Kama minye naanguka, usimupe ndugu yangu koti yangu."

Kikafika. Fundi ananing'inia. Anasema, kwa Kifaransa safi, "Nipe ile spana nyingine."

Basi. Nikarudisha nyuma. Spana. Nikatafuta vingine, bosi anayenuka samaki, maombi ya kuitoa lifti pepo. Hakuna hata kimoja. Nilizunguka sebule, kisha nikamwita mama na kumweleza kwa hasira kwamba baba alikuwa akiongeza maneno yake.

Mama alinitazama kwa huruma.

"Kuongeza? Baba yako Français hakukuwa anasikia. Bonjour na ça va, njo ile tu. Alikuwa anaangalia midomo inacheza, anatia maneno yake."

"Na weye ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza. Haina film nilikuwa nacheka, mwanangu. Nilikuwa nacheka bwana yangu."

Nililia bila aibu. Muda wote huo nawatukana waandishi wa mbali kwamba wameishiwa, kumbe mwandishi wetu tulishamzika.

Mama akasubiri ninyamaze. Kisha akachukua rimoti, akazima sauti kabisa.

"Anza weye," akasema.

Fundi akafungua mdomo. Mama hakumtazama yeye, alikuwa ananitazama mimi.