Taimi na Kosa la Kushika Namba Moja

Taimi Ylikorpi amepika katika shule ya kijiji chao, huko mkoani Pohjanmaa, kwa miaka thelathini na mmoja. Kila Alhamisi supu ni ya njegere, na hajapata kusikia mtu akiuliza kwa nini. Nyumbani ana mume, Urpo, aliyestaafu kazi lakini si maneno. Ghalani ana gari, Toyota kuukuu aliloliunga kwa mikono yake kwa majira manne ya baridi, maana ghala lile lina komeo kwa ndani.

Hushindana nalo kwenye mbio za magari. Mbio zake ni za madereva wa kawaida, na zina sheria moja ya kuwazuia matajiri: mbio zikiisha, yeyote mwenye leseni anaweza kutumbukiza karatasi sandukuni kwamba analitaka gari lako kwa euro elfu mbili. Wakiwa wengi, kura hupigwa. Ukikataa kuuza, leseni yako inakwenda. Kijijini hakuna aliyewahi kulitaka gari la Taimi. Mtu alichukue, halafu Jumatatu mwanawe akapakuliwe supu na nani?

Kisha ikaja televisheni na mbio za nchi nzima, ambako hata wageni wangeweza kulitaka gari lake. Mwenyekiti wa klabu yao ya mbio, Reino, alimwandikisha bila kumuuliza, na mkataba ulikuwa na kurasa kumi na nne.

"Shika namba tatu," Urpo alimshauri asubuhi ya nusu fainali. "Wa tatu anaingia fainali, na gari la wa tatu halitakwi na mtu. Kama wewe kule dansini."

"Mbona ulinitaka?"

"Wale wawili walikuwa na wenyewe."

Basi Taimi akaishika namba tatu kama sufuria ya moto, mizunguko mitano, asiikaze wala asiiachie. Kwenye kona ya mwisho wale wawili wa mbele, wakigombea kamera, wakagongana na kuishia shambani. Njia ikawa nyeupe. Taimi akauinua mguu kwenye mafuta. Hapo ndipo alipoiona kamera ndogo chini ya usukani, imeukodolea mguu uleule. Ukurasa wa tisa wa mkataba: anayepunguza mwendo makusudi hufutwa, na klabu yake nzima pamoja naye. Wa nne hakuonekana hata vumbi lake.

Akakanyaga mafuta. Akashinda kwa mara ya kwanza maishani, uso wake kama wa mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Sandukuni zilikutwa karatasi arobaini na moja. Kura ikamwangukia Lindroos, daktari wa meno kutoka Espoo, aliyekuja na tela jipya.

"Mama Taimi! Unajisikiaje?" mtangazaji akauliza.

"Si mbaya."

"Nchi nzima inakutazama, mama! Ongeza kidogo!"

"Si mbaya sana."

Daktari alijaribu kulipandisha gari kwenye tela. Likakoroma, likazima. Akajaribu tena.

"Bovu hili, mama?"

"Si bovu. Halikujui. Shuka."

Taimi akaingia, akavuta gia kidogo upande wake, akaisubiri, akalipandisha polepole hadi juu. Akashuka. Watu wakapiga makofi.

Mpiga picha akainua mkono. Mwanga haukukaa vizuri, alisema; samahani, mama, turudie. Taimi akamtazama Reino. Reino akatazama viatu vyake.

"Ukurasa wa kumi na moja," Urpo akasema taratibu. "Wakisema turudie, tunarudia."

Akalishusha. Akalipandisha tena, na mara hii lilipanda bila hata kukoroma.