Mzigo wa Kilo Sabini

Jina lake halisi lilikuwa ndani ya faili, faili lilikuwa ndani ya kabati, na hakukuwa na mtu aliyewahi kulifungua kabati hilo kwa ajili yake. Kambi nzima ilimwita Sabini. Hata mkewe alimwita Sabini siku akiwa na furaha. Siku akiwa hana, alimwita "wewe."

Alikuwa mfagiaji wa banda la helikopta, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, asubuhi ile mkufunzi mmoja alipoingia na mizani kwapani. Mwanasesere wa mchanga waliyekuwa wakimtumia kwenye mazoezi alikuwa amepasuka tumbo, na wenyewe hawakumpenda tangu zamani, kwa sababu mchanga haupigi teke wala haupigi kelele. Kila mwanafunzi wa urubani wa jeshi, kabla ya kufuzu, alitakiwa kuisimamisha helikopta hewani bila kuyumba huku kamba ya winchi ikimpandisha mtu kutoka ardhini mpaka mlangoni. Kitabu cha mafunzo kilitaka mtu huyo awe na kilo sabini, asizidi wala asipungue kwa zaidi ya mbili. Walipimwa wapishi, wakapimwa madobi, wakapimwa walinzi wa geti. Mfagiaji alipopanda, mshale ulikwenda moja kwa moja kwenye sabini ukatulia.

"Huyu hapa," mkufunzi alisema. "Ameshapimwa kiwandani."

Siku hiyohiyo wakamvisha mikanda na kumning'iniza.

Miaka kumi na minane akawa mzigo. Katika vitabu vya kambi ndivyo alivyoandikwa: mzigo hai, kilo sabini. Kila kundi la wanafunzi lilikuja na vichekesho vyake likidhani ndilo la kwanza kuvifikiria. Walimzungusha hewani mpaka akatapika. Walimshusha juu ya bwawa na kumchovya kama mkate kwenye chai, mara tatu, mara nne, huku wakicheka kwenye redio. Mwaka mmoja walimwacha akining'inia dakika ishirini, wakidai winchi imekwama, kumbe walikuwa wanashindana nani ataweza kumsikia akiita mama yake. Aliita. Mshindi alipata soda.

"Mzigo haujibu," wakufunzi waliwafundisha. "Mzigo ukikusemesha, usiusikilize. Angalia mikono yako."

Lakini mzigo ulikuwa na nyumba. Wafagiaji waliishi ng'ambo ya uzio, kwenye vyumba vya mabati, wakigombea bomba moja. Watu wa kitengo cha anga walipewa nyumba za matofali, vyumba viwili na jiko, maji yakitoka ukutani. Siku mkewe alipofungua bomba lile mara ya kwanza, alisimama akiyatazama maji yakimwagika bure, akasema, "Sasa bwana, ole wako unirudishe kule."

Hakuwa akitania. Na sheria ilikuwa fupi: anayetoka kitengo cha anga, anatoka na kwenye nyumba.

Sabini alipofikisha miaka hamsini na sita, mwili ulianza kumkimbia. Ulianza taratibu, kilo moja, kilo mbili. Chakula kilikaa tumboni kama mgeni asiyetaka kuvua viatu, kisha kikatoka. Hospitali ya kambi alikuwa anaiona kutoka dirishani, hatua mia mbili, lakini daktari wa kambi alikuwa na mizani yake na kalamu yake. Akakaa nyumbani na tumbo lake.

"Kula," mkewe alimwambia, akimsukumia yai la nne.

"Nimeshiba."

"Nani kakuuliza kama umeshiba? Mimi nakulisha nyumba, sikulishi wewe. Kula!"

Yai halikusaidia. Ndipo mkewe akatoa cherehani. Alikata shuka kuukuu, akashona fulana nene yenye vifuko kumi na sita, minane mbele na minane nyuma. Sabini, ambaye bado alifagia banda saa za asubuhi, akaanza kurudi nyumbani na vyuma kutoka kwenye pipa la takataka: nati, boliti na washa zilizokwisha kazi. Kila chuma kilichotolewa kwenye helikopta kwa uchakavu kilipakwa rangi nyekundu kabla ya kutupwa, ili fundi yeyote asije akakirudisha mahali pake kwa bahati mbaya. Mkewe aliviloweka kwenye mafuta ya taa, akavisugua kwa brashi, akavianika jikoni kama dagaa.

"Nimeolewa na mtu," alisema akijaza vifuko, "naona nitazeeka na duka la vyuma."

Kila Jumatatu karani alimpima akiwa ndani ya ovaroli. Sabini. Kila Jumatatu, sabini. Kufikia mwaka wa pili, tisa kati ya hizo zilikuwa chuma.

Mtu aliyemfunga mikanda kabla ya kila safari alikuwa fundi wa mkia, mwanamke wa makamo, jirani yao ukuta kwa ukuta, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa panga dogo la nyuma ya helikopta. Alikuwa fundi pekee wa kike kambini, na wenzake walimwambia wazi kuwa wanasubiri tu akosee. Alimwita Sabini kaka. Mke wa Sabini, kwa kejeli, akamwita wifi. "Wifi yangu wa hewani kakusalimu," alimwambia mumewe kila fundi alipogonga kuomba chumvi.

"Umekula, kaka?" fundi aliuliza kila asubuhi, akikaza mkanda wa kifuani, kisha akiulegeza kidogo pale ulipokuwa ukibana mbavu.

"Nimekula, dada."

"Haya. Nenda ukatembee juu ya vichwa vya wakubwa."

Ni yeye tu aliyemwuliza.

Sasa, katika kambi ile kila siku ilianza kwa kazi waliyoiita kuchambua mchele. Wote, kuanzia mkufunzi mkuu mpaka mpishi, walijipanga mstari mmoja na kutembea taratibu juu ya sakafu ya kurukia, vichwa chini, wakiokota kila kijiwe na kila kipande cha waya. Kijiwe kikivutwa na injini kinaua watu wanne. Na Jumatatu ya juma la mwisho la mafunzo, jenerali akitarajiwa Jumamosi kuwavisha wanafunzi beji zao za mabawa, mkono wa mpishi uliokota nati.

Ilikuwa kubwa, kama kidole gumba. Mkufunzi mkuu aliigeuza juani. Ndani ya mitaro ya tundu lake, pale brashi isipofika, kulikuwa na mstari mwembamba mwekundu.

Nati iliyopotea ni kosa. Nati ya rangi nyekundu ni jinai, maana yake mtu ameirudisha maiti kazini, akaifunga kwenye ndege, ikafunguka. Helikopta zote tano zikawekwa chini. Mafundi wakaanza kuzibomoa moja moja.

Sabini alikuwa amesimama nafasi ya sita kutoka kwa mpishi. Hakuhitaji kujipapasa. Tangu asubuhi alikuwa amehisi kifuko kimoja cha nyuma kimelegea, na akadhani ni mwili tu umezidi kupungua.

Nyumbani alikaa kitandani, fulana mapajani. Uzi wa kifuko ulikuwa umekatika.

"Wanasema ni nati ya mkia," alimwambia mkewe. "Saizi ile inatumika mkiani tu. Wamemkalisha dada wa watu ofisini tangu saa tatu."

"Ana mdomo. Ajitetee."

"Atajitetea na nini? Hakuna anachojua."

Mkewe alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Aliulamba, akauingiza, akavuta. "Nikuulize. Ukifungua huo mdomo wako, kesho tunalala wapi?"

Sabini aliupima uzi uliokatika kwa kidole.

"Basi. Na yeye hana mume, hana mtoto, mtu wa begi moja. Atapata pengine. Vua na hiyo suruali, mfuko wake umetoboka."

Jumatatu ikapita. Jumanne wakamaliza kubomoa, na hakuna helikopta iliyokutwa imekosa nati. Mtu mwenye akili timamu angesema, basi nati haikutoka kwenye helikopta. Lakini jenerali alikuwa anakuja, ndege haziwezi kuruhusiwa kuruka mpaka ripoti iwe na sababu, na sababu lazima iwe na jina. Wakasema fundi aliifunga mbovu, ikadondoka, akawahi kufunga nzima kwa siri. Kila alipoulizwa, fundi alijibu neno moja: sikufanya. Walipomwuliza anadhani imetoka wapi, alitazama mlango.

Usiku wa Jumanne Sabini alimsikia ng'ambo ya ukuta akitembea. Hatua sita kwenda, hatua sita kurudi. Mkewe alikoroma.

Jumatano mchana alijikaza. Alivaa fulana na ovaroli, akaenda mpaka ofisi ya mkufunzi mkuu, akafungua vifungo mbele yake na mbele ya karani.

"Ni mimi, afande. Nati ni yangu."

Mkufunzi mkuu alimtazama, akaitazama fulana, akaweka kalamu chini. "Vua yote."

Alivua. Alibaki na chupi, mbavu nje, ngozi ya tumbo ikining'inia. Karani aliinamisha uso, si kwa huruma. Alikuwa anabana kicheko.

"Panda."

Mshale ulipanda mpaka sitini na moja ukachoka.

"Kwa muda gani?"

"Mwaka na nusu, afande. Nilianza na kilo mbili."

"Mwaka na nusu." Mkufunzi mkuu alizunguka meza, akabonyeza ubavu wake kwa kidole kimoja, kama mnunuzi anayekagua mbuzi na kumwona hafai. "Makundi matatu yamefuzu kwa mtu bandia. Na wewe ungemmwagia mwanafunzi wangu vyuma ndani ya injini. Unajua hilo?"

"Najua, afande. Ndiyo maana nimekuja. Dada yule hana kosa."

"Umekuja lini?"

Sabini hakuelewa swali.

"Nati iliokotwa Jumatatu. Leo ni nini?"

"Jumatano, afande."

"Ripoti imeondoka leo asubuhi, saa mbili. Ina saini yangu. Makao makuu wameshairuhusu kambi kuruka. Ungekuja juzi, ningekufukuza wewe na mkeo na vikombe vyenu, na yule mama angekuwa kazini. Leo niandike nini? Kwamba nilisaini uongo? Kwamba marubani thelathini wa jeshi hili walifanyia mtihani duka la vyuma?" Aligeuka. "Karani, umemwona mtu humu?"

"Sijamwona, afande."

"Andika uzito wa wiki."

"Ngapi, afande?"

"Wewe huwa unaandika ngapi?"

Karani akaandika sabini.

Mkufunzi mkuu alifungua sanduku la chuma na kumrushia mkanda mpana wa turubai, wenye mifuko ya mchanga iliyoshonwa midomo. "Kilo tisa, zimepimwa. Zile taka zako zirudishe kwenye pipa. Kesho mtihani wa winchi, saa moja. Vaa nguo."

Sabini aliokota ovaroli. Aliona aibu kwa kile kilichomjaa kifuani wakati huo, kwa sababu kilikuwa nafuu. Bado alikuwa na nyumba.

Alhamisi walimfunga mikanda vijana wawili wa karakana, wakamkaza mpaka pumzi ikawa fupi. Akapandishwa mara kumi na nne. Wanafunzi wote wakafaulu.

Aliporudi, lori la kambi lilikuwa mbele ya nyumba ya jirani na fundi alikuwa akihangaika na kitanda peke yake. Wenzake walipita mbali. Sabini alishika upande wa pili, wakakipandisha. Tena godoro, tena meza. Vitu vikaisha.

"Dada," alianza, "kuna jambo nilitaka…"

"Karani kanisimulia. Anasimulia kambi nzima, kwa kunong'ona." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Kaka, mimi nimekufunga mikanda kila siku kwa miaka saba. Ulifikiri vidole vyangu havitambui nati?"

"Ulijua?"

"Nilijua siku ya kwanza ulipozivaa. Nikasema, mzee wa watu ana lake, anajikimu. Nikawa nakagua vifuko vyako kwa vidole kabla hujaruka, kimoja kimoja. Ijumaa, kabla nati haijaokotwa, nilikuwa likizo."

"Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nilikuwa nakuona, nanyamaza? Tungetoka wote." Alifunga mlango wa lori. "Na tena nilikuwa nakusubiri. Kila mlango wa ofisi ulipofunguka, niligeuka kutazama. Nikasema atakuja mwenyewe, yule si mtu wa kuogopa. Siku mbili, kaka. Shingo bado inaniuma."

"Nisamehe, dada yangu."

"Hapana," alisema, bila hasira. "Hilo sikupi. Baki na nyumba."

Alipanda kiti cha mbele. Lori likaondoka, likapinda kwenye geti, na mlinzi akateremsha kizuizi.

Sabini aliingia ndani. Mkewe alikuwa dirishani tangu mwanzo, pazia mkononi. Hakumwuliza walichoongea. Aliweka chakula mezani, akamvuta kiti, akakaa mbele yake akimtazama akitafuna.

"Ile nyumba ya wifi yangu," alisema, "jiko lake kubwa kuliko letu. Na lina dirisha upande wa upepo."

Aliendelea kutafuna.

"Kesho itakuwa na mtu. Unajua watu wa hapa, hawachelewi. Nenda kwa karani, ndiye anayegawa nyumba, kabla hajafunga ofisi. Sasa hivi ana siri yako na wewe una yake, ile sabini aliyoiandika, atakusikiliza."

Sabini alimeza. Alitazama ukuta. Upande wa pili hakukuwa na hatua.

"Nenda bwana, utakula ukirudi."

Akanyanyuka, akavaa viatu, akaenda kuuliza.