Amina ya Asubuhi

Yudith hakuwa mwanamke wa maneno mengi, na pengine ndiyo maana watu wa Ruaha Mbuyuni waliyaogopa hayo machache aliyokuwa nayo. Alilima vitunguu karibu na mto, alikuwa na gauni moja la kanisani, na alipomwekea mgonjwa mkono akasema "kwa jina la Yesu", mara nyingi mgonjwa aliamka kesho yake akaomba uji. Si wote. Ila waliopona ndio waliosimuliwa. Ikafika mahali hata Wakatoliki wakawa wanamletea watoto wenye degedege, wakipita mlango wa nyuma ili katekista asiwaone. Na kila alipolitamka jina lile, waliokuwa karibu waliitikia "Amina!" bila kufikiri, kama mtu anavyofumba macho vumbi likija.

Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza.

Jumapili ile, saa kumi na mbili asubuhi, banda la kuchambulia vitunguu lilikuwa limejaa watu. Lori aliloendesha mwanawe Shedrack lilikuwa limeshapakiwa magunia mpaka juu, tayari kupanda mlima Kitonga kwenda Mbalizi, mbele ya Mbeya. Juliana, mfanyabiashara wa Mbalizi aliyenunua mzigo, alikuwa amekaa kiti cha mbele, kitenge begani. Lakini Yudith alikuwa amewaambia wazee wa kanisa kwamba siku hiyohiyo Shedrack atasimama mbele kumshukuru Mungu. Miezi miwili nyuma kijana aliumwa mpaka akawa hamtambui mtu, na mama yake akafunga siku tatu, anaomba.

"Shedi, shuka. Ibada kwanza, safari baadaye."

"Mama, vitunguu vimeanza kutoa maji. Nikilala hapa leo, Mbalizi napeleka mchuzi."

"Niliahidi."

"Uliahidi wewe. Mimi nilikuwa nimelala." Watu wakacheka, na kicheko kikamvimbisha kichwa. "Halafu tusidanganyane, mama. Mimi niliponywa na dripu za zahanati. Kelele zako nilikuwa nazisikia, zilikuwa zinaninyima usingizi tu."

Kicheko kikakatika. Yudith alihisi uso wake unawaka mpaka masikioni. Mkono ukainuka wenyewe, vilevile ulivyokuwa ukiinuka juu ya wagonjwa, na sauti ikatoka ileile.

"Kwa jina la Yesu, Mbalizi hufiki!"

"Amina!" wakaitikia wachambuaji wote.

Ndipo wakasikia walichoitikia. Mwanamke mmoja akajiziba mdomo kwa mkono uliojaa maganda. Shedrack alimtazama mama yake kama mtu anayemtazama nyoka ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akawasha gari, likatoka taratibu, na Yudith akabaki ameinua mkono, hajui aushushe vipi.

Saa nne alikwenda ibadani kwa sababu miguu ilizoea njia. Alikaa benchi la nyuma. Mama mmoja akamsogezea mtoto mwenye homa, akanong'ona, "Mama Shedrack, mwombee kidogo." Yudith akatikisa kichwa, midomo imebanwa. Mama yule akadhani amekataliwa mtoto, akaondoka analia. Kumbe Yudith aliogopa mdomo wake. Mungu aliumba kwa kusema, hilo alilijua tangu kipaimara. Na binadamu naye alipewa kipande cha uwezo huo, akipande kama mbegu. Yeye leo amempiga mwanawe nacho kama jiwe.

Alipiga simu saa sita, haikupatikana. Saa nane ikaita mpaka ikakata. Kila lori lililoshuka Kitonga alilikimbilia barabarani kuuliza kama kuna gari la vitunguu limeanguka huko juu. Madereva wakasema hapana, na kila hapana ilimpa pumzi ya dakika tano tu. Bado kulikuwa na Mafinga, Makambako, Igawa. Tena bado kulikuwa na mteremko wa kushukia Mbalizi, ambao madereva wenyewe huutaja kwa sauti ya chini.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita. Alikuwa bandani, amekaa kwenye gunia tupu, na Saulo, mzee wa kanisa, alikuwa amekuja kukaa naye.

"Mama." Sauti ya Shedrack ilikuwa nyembamba. "Niko Mbeya. Nimeegesha juu ya mteremko. Mbalizi naiona kwa macho, ila nashindwa kushuka."

"Gari lina nini?"

"Gari halina kitu. Mguu ndio unatetemeka kwenye breki. Kila nikitaka kuondoka nakusikia wewe. Nawasikia na wale wanasema amina."

Mara simu ikanyang'anywa. "Kamwene, mama! Juliana hapa. Mwanao ameganda kama ugali wa jana. Hata bajaji zinatupita zinatucheka. Hebu yafute hayo maneno tushuke, vitunguu vyangu vinalia huku!"

Yudith akaisogeza simu mdomoni, akaiondoa. Akisema "kwa jina la Yesu utafika", halafu gari likapinduka? Na asiposema? Zamani bibi yake angechukua maji mdomoni akampulizia mtoto kifuani kuondoa laana, yakaisha. Lakini kifua chenyewe kiko Mbeya.

"Mzee Saulo," alisema, simu ameishika mbali kidogo, "naogopa kusema, na naogopa kunyamaza."

"Unafikiri Mungu alipokea amri yako ya asubuhi?"

"Sijui. Nililiita jina lake."

"Uliliita kama mtu anavyookota fimbo. Hilo si ombi, dada. Yeye si mtumishi wa hasira yako. Ila mtoto alisikia, na yuko huko neno lako limemshika. Anza na mtoto."

Wachambuaji walikuwa wameshasogea karibu. Yudith akaweka simu kwenye spika, akapiga magoti juu ya maganda.

"Shedi. Kufuta siwezi, nimeshasema na watu wamesikia. Nilichukua jina lisilo langu nikakupigia nalo. Nilikuwa nalinda sifa yangu kanisani, si heshima ya Mungu. Nisamehe, mwanangu."

Ikasikika injini inazimwa.

"Nimekusamehe, mama. Na mimi nilikutukana mbele za watu. Lakini bado naogopa."

"Hata mimi. Tafuta fundi akague breki. Mguu ukiendelea kutetemeka, lala hukohuko, vitunguu vioze."

"Vioze?" Juliana akaruka. "Mama, vya nani hivyo?"

"Vioze, Juliana. Mtoto ni wa kwangu."

Fundi akapatikana, akaingia chini ya gari, akakaza hapa na pale. Karibu saa nzima. Kisha Juliana akashika simu, akawa anawasimulia: "Tumeondoka. Gia nzito. Polepole, baba, polepole. Kona ya kwanza hiyo, tumepita. Kuna lori nyuma linapiga honi, likalale mbele. Breki zinanuka kidogo. Sasa kona ya..."

Simu ikakata.

Yudith akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Hakuna aliyeketi mle bandani. Mwanamke aliyejiziba mdomo asubuhi alikuwa analisemasema jina la Shedrack tu, basi. Yudith naye hakuamuru kitu. Alisema kimoyomoyo, "Bwana, huyu ni wako kabla hajawa wangu," akasita hapo, kwa sababu hakulipata neno lingine alilokuwa na hakika nalo.

Simu ilipoita aliiangusha. Saulo ndiye aliyeiokota akabonyeza.

"Ndaga fijo, asanteni sana jamani!" Ni Juliana, anacheka na kulia. "Mtandao ulikata! Tuko sokoni Mbalizi. Mwanao ameshuka anatapika pembeni ya tairi. Huyu hapa."

"Mama?"

Watu wote walimtazama Yudith.

"Umekula?"

"Bado."

"Kula kitu cha moto, mwanangu. Kisha ulale. Hiyo shukrani ya kanisani, siku utakayotaka mwenyewe."

Nyuma ya magunia, kwa sauti ndogo ya mtu aliyefikiri kwanza, mwanamke mmoja akasema, "Amina."