Kola za Milioni Nane

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Pindo. Ukimpelekea suruali ya mtoto, anaacha pindo la inchi tatu kwa ndani, ili mtoto akirefuka ishushwe. "Kesho haijulikani," huwaambia akina mama, pini zikiwa mdomoni. Mtu wa kuwaza kesho ya magoti ya watoto wa wenzake! Kesho yake mwenyewe aliikata bila kupima.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nilipiga chapa ofisini miaka thelathini na moja, na nikiona kosa la tahajia nawashwa mwili mzima. Kibao cha duka lake kimeandikwa CHEREANI. Miaka kumi namwambia kuna H hapo. "Wateja wanaingia, dada," ananijibu. Wanaingia! Hata nzi wanaingia.

Siku ile nilifuata gauni langu. Duka lenyewe ni chumba kimoja: cherehani mbili, yake na ya wifi yangu, meza ya kupigia pasi, na ukutani msumari uliotungwa karatasi alizozikata kwa umbo la kola na mifuko, za kupimia kabla ya kukata kitambaa. Mwenye chumba ni mjane mmoja. Amekubali kumuuzia Pindo kwa milioni nane, zilipwe mwakani bima ya akiba ya Pindo itakapokomaa. Zikipungua hata shilingi, anamuuzia muuza simu wa jirani, ambaye kila Jumamosi huja kupima ukuta kwa macho.

Gauni lilikuwa bado halijatiwa vifungo. Nikakaa. Nikatungua kola moja kwenye msumari nijipepee, nikaona ina maandishi, na mimi maandishi siyaachi yapite. Yalisema: "Tunasikitika kukujulisha kuwa malipo yako huenda yasif", halafu mkasi.

"We Pindo, karatasi hii umeitoa wapi?"

"Hizo? Za wale watu wa bima. Wanatuma kila mwaka. Karatasi nzuri, nzito, haijikunji."

"Umezisoma?"

"Nisome nini? Salamu tu. Mpendwa mteja, mpendwa mteja."

Jamani! Nikazishusha zote, nikazipanga juu ya meza ya pasi. Kola ya zamani kabisa, iliyokwisha kuwa ya njano, ilisema malipo huenda yasifikie. Mfuko wa shati ulisema kuna uwezekano mkubwa yasifikie. Ya mwaka jana, kola ya shule, ilisema hayatafikia, na chini yake mstari mweusi. Watoto wa nusu ya mtaa wamevaa mashati yaliyokatwa kwa habari mbaya za mdogo wangu, yeye hana habari.

Ya mwaka huu ilikuwa bado nzima, ndani ya bahasha, chini ya pasi. Nikaisoma kwa sauti. Milioni nne tu ndizo za uhakika. Zilizobaki ni ziada, inategemea faida ya kampuni, na faida imekuwa nyembamba. Mkataba ukikomaa, anakadiriwa kupata milioni tano na laki sita. Anashauriwa aongeze mchango, au atafute njia nyingine ya kuziba pengo.

Pindo akacheka. Nakwambia alicheka! "Hiyo si yangu, dada. Mimi waliniahidi milioni nane. Ahadi ni deni."

"Nani alikuahidi?"

"Yule wakala. Tai."

Huyo alikuwa kijana aliyepita mitaani kuandikisha watu bima, tukamwita Tai kwa ile tai yake nyekundu. Mimi nilikuwa namaanisha yule ndege. Siku hizi anauza viwanja, na sitaki kujua vipo wapi. Basi nikamfungulia mdogo wangu bomba lote. Nikamwambia mali bila daftari huisha bila habari, na yeye daftari alikuwa nalo, akalifanya kola. Nikamwambia kwamba kipofu ana udhuru, yeye ana macho mawili na miwani. Nikamwambia marehemu mama alifariki na wasiwasi naye, na kumbe alikuwa na haki. Wifi yangu alisimamisha cherehani yake, mguu juu ya kanyagio, akawa ananitazama tu.

"Lete mkataba," nikasema. "Nikuonyeshe hiyo ahadi."

Ukatoka kwenye kopo la vifungo, umekunjwa mara nne. Nikavaa miwani. Mwandiko wa Tai, wino wa bluu: *Makadirio ya malipo: hadi milioni nane.*

"Hadi!" nikapiga meza. "Hadi, mjinga wewe! Mwisho wake zikipanda sana ni nane. Hadi siyo ahadi! Ahadi ni deni, hadi si deni la mtu! Ni mbumbumbu gani alikusomea ahadi?"

Pindo akashika futi yake ya shingoni, akaanza kuikunja taratibu. 

Wifi ndiye aliyejibu, kwa adabu zote. "Wifi, hiyo sahihi ya shahidi hapo chini, yenye mkia, ni ya nani?"

Mkia ule naujua. Nimeuchora miaka thelathini na moja.

"Nilikuwa na gauni la bibi harusi chini ya sindano," Pindo akasema polepole. "Ulipita ukitoka kazini. Nikakuambia nisomee, dada, mikono haina nafasi. Ukanisomea: ahadi milioni nane. Nikajua wewe hukosei."

Miaka kumi na tano. Kumi kati ya hiyo namkosoa H ya kibaoni, na mimi ndiye niliyemtilia A ya milioni mbili na laki nne. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilitaka aniropokee, anitukane hata kidogo, lakini mdogo wangu hajui matusi. Nje, muuza simu alipita akatusalimia, akautazama ukuta.

Kiinua mgongo changu kipo benki. Nilikitenga kwa ajili ya choo cha ndani, cha vigae vyeupe, nimekisubiri tangu nistaafu.

"Pengo nitaliziba mimi," nikasema.

Pindo aliinua macho. Hakuwa anatania, na hilo ndilo lililoniuma.

"Hiyo ni ahadi, dada? Au hadi?"

Nikageuza karatasi ya bima upande mtupu, nikaomba kalamu. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikianza na A, na wifi yangu akaja kusimama nyuma ya bega langu, akasoma neno kwa neno kabla sijatia sahihi.