Taa Nyekundu ya Pikapu ya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana wala bisibisi. Nilipewa mkebe wa maziwa ya unga uliojaa balbu ndogo ndogo za magari, nikaambiwa nikae juu ya tairi kuukuu nitenge nzima na mbovu. Gereji ilikuwa kwetu Mosocho, nyuma ya soko, mabati manne na nguzo nne. Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye vidole vilivyoungua ncha, hakunionyesha kipimo cha umeme. Alinionyesha anga.

"Inua juu, funga jicho moja. Ndani kuna unywele. Ukiwa mzima, kulia. Ukiwa umekatika, kushoto. Haya, mura."

Mura kwetu ni kijana, na mimi nilikuwa kijana wa kuacha shule darasa la sita. Niliinua balbu ya kwanza. Juu ya kile kioo kidogo kama punje ya mahindi niliona dunia yote imejikunja: migomba, mabati, wanawake wa soko na mafungu yao ya ndizi, na mimi mwenyewe nikiwa na kichwa kikubwa kama tikiti. Ndani kabisa, unywele mwembamba ulikuwa umelala katikati ya mawingu. Nilikaa hapo hadi adhuhuri bila kuhisi njaa. Wengine huingia kazini kwa sababu ya njaa. Mimi nilivutwa na ule unywele, na nasema hivi bila aibu: tangu siku hiyo, kati ya Kisii na Nyamira hakuna fundi wa umeme wa magari aliyenipita. Waliojaribu wapo. Waulizeni.

Fundi Mkuu hakuwa na shule pia, kwa hivyo alifundisha kwa amri. Amri ya kwanza: balbu ya mteja uliyoitoa usiitupe mpaka gari litembee wiki nzima. Itie ndani ya kibiriti, kibiriti kikae mfukoni. Amri ya pili ilihusu dashibodi, pale mbele ya dereva. Kuna taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri.

"Hii kama inawaka, usiiguse," alisema.

"Kwa nini, Fundi?"

"Kwa sababu nimesema."

Nilimheshimu, lakini moyoni nilijiambia mzee anaogopa asichokijua. Kumbe anayeogopa na anayejua wanaweza kutoa amri ile ile.

Kutoka Mosocho nilikwenda Itumbe, kwenye gereji ya malori ya kubeba majani chai. Hapo nilikutana na Msimamizi wa Magari, mtu mrefu asiyecheka, ambaye kila asubuhi alizunguka kila lori akigonga taa kwa kalamu. "Lori ikitoka hapa bila taa ya nyuma," aliniambia, "wewe utapanda huko nyuma na tochi mpaka irudi." Alimaanisha. Nilipanda mara moja tu, katika ukungu wa asubuhi, tochi mkononi, mashamba ya chai yakipita pembeni kama bahari ya kijani iliyoganda. Mara ya pili haikutokea. Hapo ndipo nilijifunza kuzijua taa ndogo kwa majina na tabia: ya namba, ya kuegesha, ya dari ambayo umbo lake ni kidonge chenye kofia mbili, ya breki yenye nywele mbili ndani ya kioo kimoja.

Na hapo ndipo nilimjua Dereva Mkuu wa kiwanda, Msabato wa Sironga, mzee aliyeendesha lori kana kwamba nyuma amebeba mayai. Binti yake, Bosibori, alipima majani kituoni. Sitaeleza mengi. Nilimtengenezea taa ya mzani, ikawaka. Siku iliyofuata ikazima tena, na nadhani aliizima mwenyewe. Tulianza kuishi pamoja bila ng'ombe kupelekwa kwao. Tukapata watoto wawili. Dereva Mkuu hakutukana wala kutuma mtu. Bosibori alipokwenda kwao alikaribishwa chai kama mgeni, akasindikizwa hadi barabarani kama mgeni.

Nilihama Itumbe nikafungua mahali pangu mjini Kisii. Nilikuja na sanduku moja la vifaa na mdomo wangu. Ndani ya miaka michache watu walikuwa wakipanga foleni. Sijisifu, naeleza.

Kisha zikaja taa za LED. Wa kwanza kuzileta kwangu alikuwa mwenye duka la spea pale mjini, mtu wa maneno machache, akafungua karatasi na kunionyesha vitu kama mbegu za papai zilizopakwa manjano. "Haina unywele," alisema. Nilishtuka. Taa bila unywele? Nikaunganisha kwenye betri. Haikuwaka. Nikacheka, yeye hakucheka. "Geuza," akasema. Nikageuza nyaya, ukatoka weupe ambao sikuwahi kuuona ndani ya gari, weupe wa maziwa yakimwagwa gizani.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kujua, nyinyi mnaoanza: balbu ya unywele hupitisha umeme upande wowote, LED hukubali upande mmoja tu. Ukiikosea haiungui wala hailalamiki. Inakaa kimya. La pili, inakula umeme kidogo sana, kama ndege anavyokula. Ukiiweka kwenye indiketa, kile kidude kinachohesabu mapigo kinadhani balbu imeungua, basi indiketa zinapepesa haraka kama macho ya mtu anayedanganya. Lazima ubadilishe kidude au uongeze kitu kingine cha kula umeme kwenye waya. Haya niliyagundua mwenyewe, bila kitabu, mafundi wenye vyeti wakija kuniuliza kwa siri.

Nilibadilisha taa za magari hadi mji ukabadilika machoni pangu. Jioni nilisimama mlangoni nikiyatazama yakipita, taa za namba nyeupe, za dari nyeupe, nikijua hii ni kazi ya mkono wangu, na ile, na ile. Nilijiona kama mtu aliyepanda shamba la nyota likaota barabarani.

Sifa zikafika Sironga. Siku moja Dereva Mkuu, ambaye sasa alikuwa amestaafu na kubaki na pikapu yake ya petroli, kuukuu lakini safi kuliko sahani, alimwambia Bosibori: "Mwambie huyo mtu wako aje aweke hizo taa kwa gari yangu. Macho yangu hayaoni dashibodi vizuri. Aje Ijumaa. Jumapili nitaendesha hiyo gari mpaka kwao Mosocho nione ng'ombe. Nikifika, tutaongea. Nisipofika, nitajua Mungu hataki."

Bosibori alinipa maneno hayo neno kwa neno, kisha akashika mkono wangu. "Nimechoka kusindikizwa," alisema. "Tafadhali usiende kujionyesha. Tengeneza tu."

Nilikwenda kujionyesha.

Nilianza Ijumaa mchana. Mzee alinisalimia kwa kichwa, akaleta kiti, akakaa mbali. Nilimaliza za nje, nikafungua dashibodi. Nilizitoa zote, ndogo na kubwa, nikaweka LED kila tundu, pamoja na ile ya betri. Amri ya Fundi Mkuu niliikumbuka vizuri. Nikaiambia moyoni: wakati wako umepita. Hiyo ya betri, ya mwisho, niliitia mkono ukiwa na haraka, kwa sababu jua lilikuwa linagusa vilima na Mzee alikuwa amesimama.

"Sabato inaingia," alisema. "Weka bisibisi chini."

"Tata," nilimwita, kama tunavyomwita baba kwetu, "nibakishie dakika mbili niwashe injini nihesabu taa."

"Jua halina dakika mbili."

Nilirudisha kioo, nikawasha taa za dashibodi peke yake. Zikafunguka. Kila mshale, kila namba, katika weupe laini kama mwezi umeingia kulala ndani ya pikapu. Mzee aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Naona," alisema taratibu. "Naona hata sifuri." Nilirudi Kisii nikiwa sigusi ardhi. Injini hatukuiwasha.

Jumapili watu wetu walijaa Mosocho. Ugali wa wimbi ulikuwa tayari, kuku tayari, ng'ombe wameoshwa hadi mikia. Mvua ikaanza, ile ya ukungu ambayo hufanya mchana uwe kama ndoto ya mtu mwingine. Saa saba Mzee hajafika. Saa nane. Simu yake haikupatikana. Wazee wetu walianza kutazamana. Bosibori alisimama mlangoni, shali begani, akitazama barabara kama mtu anayesoma barua aliyoijua tayari.

Nilivaa koti la kazi juu ya suti mpya nikachukua pikipiki kuelekea njia ya Nyamira. Niliwakuta juu ya mteremko mmoja kupita mji wa Kisii. Pikapu imeegeshwa kando, imekufa, maji yanateleza juu ya kioo. Ndani walikuwa Mzee na ndugu zake wawili, wamekaa wima katika makoti yao kama watu walio kanisani.

"Umefika," alisema Mzee.

"Shida ni nini, Tata?"

"Taa zilififia, wipa ikachoka, injini ikazima. Mungu amesema."

Ndugu yake mmoja akadakia: "Mungu au fundi?"

Nilifungua boneti. Betri ilikuwa kuukuu, na jibu lilikuwa tayari mdomoni: Tata, betri yako imezeeka. Nani angebisha? Kati yetu mimi ndiye niliyejua magari. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kulisema aliponiita kupitia dirisha.

"Kuna kitu. Miaka yote nikigeuza ufunguo, ile nyekundu ya betri inanisalimia kwanza, halafu injini ikishika inazima. Leo haikunisalimia. Nikafikiri labda taa za kisasa hazisalimii."

Nilisimama mvuani, na yote yakaja kwangu polepole, kama picha inayoinuka kutoka chini ya maji. Nilikuwa nimeiweka kinyume. Kimya. Na nikaelewa kile Fundi Mkuu alichokijua bila kuwa na maneno yake. Taa ile si ya kutazama tu. Alternata, mashine inayochaji betri, haiamki yenyewe. Inahitaji kuonjeshwa umeme kidogo, na katika magari yale ya zamani umeme huo hupitia kwenye unywele wa taa nyekundu. Hata ningeigeuza LED ikawaka, chakula chake cha ndege kisingetosha kuiamsha. Mtu wa kukanyaga mafuta kwa nguvu huenda angeiamsha kwa kelele. Lakini Mzee hakuwa mtu wa kukanyaga. Kutoka Sironga hadi pale, taa zote na wipa zilikuwa zikinywa betri ambayo hakuna aliyekuwa akiijaza.

"Si betri, Tata," nilisema, "na si Mungu. Ni mimi. Niliambiwa nisiiguse ile nyekundu, nikaigusa."

Alinitazama. Mvua ilikuwa inaingia shingoni mwangu.

"Kwa hivyo si Mungu aliyekataa."

"Hapana, Tata. Ni mimi niliyekosea."

"Afadhali," alisema. "Wewe unaweza kutengenezwa."

Kibiriti kilikuwa mfukoni mwa koti. Amri moja niliivunja, nyingine niliitii, ndiyo iliyoniokoa. Niliinua zile balbu moja moja dhidi ya anga la kijivu, jicho moja limefungwa, kama siku ya kwanza, hadi nikaipata ile ya betri, na unywele wake mzima. Niliirudisha mahali pake. Tukazima taa zote, tukaiacha betri ipumzike ipate pumzi kidogo. Kisha Mzee akageuza ufunguo, nyekundu ikawaka, hafifu kama kaa la moto chini ya majivu.

"Imenisalimia," alisema. "Sukuma."

Nikasukuma peke yangu, suti, viatu vipya na yote, ndugu zake wakinihimiza kutoka ndani: "Tia nguvu, omoko! Ng'ombe wanangoja!" Walikuwa wameniita omoko, mkwe, kabla ya kuona hata mkia mmoja. Pikapu iliteremka, ikakohoa, ikashika.

Tulipofika Mosocho, Mzee alitembea kati ya ng'ombe mara moja tu, mikono nyuma. Nilikuwa na matope hadi magotini. Alipoulizwa kama ameridhika alisema, "Nimeona." Bosibori aliingia jikoni haraka, na mama yangu akamfuata, na wote wawili walikaa huko muda mrefu kuliko ugali unavyohitaji.

Sasa nimekabidhi mahali pangu pa Kisii kwa wengine. Nina nyumba ya ghorofa, nina chai, nina maziwa yangu mwenyewe. Darasa la sita limenifikisha hapa, na atakayesema ni bahati aje tuongee. Ninachotaka mkichukue kwangu ni hiki: wekeni LED kokote mnakotaka, ni taa nzuri, nimezipenda kuliko wengi. Lakini kabla hujaitoa balbu yoyote ya zamani, uliza ilikuwa inafanya kazi gani zaidi ya kuwaka.

Baba mkwe alituacha akiwa na miaka mingi. Pikapu iko kwangu, kwa sababu watoto wake wa kiume walitaka magari ya kisasa. Dashibodi bado ni nyeupe kama mwezi, mkono wangu ule ule, isipokuwa tundu moja. Kila asubuhi umande ukiwa bado kwenye migomba naiwasha ipate joto. Bosibori huuliza kutoka mlango wa jikoni, bila kugeuka.

"Imesalimia?"

Nageuza ufunguo. Nyekundu inafumbuka, injini inashika, nyekundu inazima na kuacha kazi iendelee.

"Imesalimia," namjibu.